Kasha la kusafirishia mbwa na paka: lipi linapita kaunta ya uwanja wa ndege, lipi litarudishwa

Ukiulizia dukani Dar es Salaam au Nairobi kitu cha kumsafirishia mnyama, utaonyeshwa vitu tofauti kabisa vyenye jina moja. Kuna mkoba wa kitambaa wenye zipu na dirisha la wavu. Kuna kizimba cha waya kinachokunjika. Kuna kasha la plastiki la vipande viwili, kifuniko na kitako, lenye mlango mbele. Na kuna kasha la mbao, ambalo halimo dukani bali kwa fundi seremala. Muuzaji atasema vyote ni vya safari, na hasemi uongo, maana kumpeleka paka kliniki mtaa wa pili nako ni safari. Lakini ukifika kaunta ya mizigo na kizimba cha waya mnyama hapandi, na cheti cha afya ulichokihangaikia wiki nzima kinaweza kuisha muda kabla hujapata nafasi kwenye ndege nyingine.

Tathmini hii inahusu zaidi kasha la plastiki, kwa sababu ndilo linalofaa safari nyingi na ndilo lenye mitego mingi. Kwa mbwa wa kati au paka anayepanda ndege kwenda nchi nyingine, nunua kasha la plastiki lenye mlango wa chuma na bolti za chuma, lenye urefu wa ndani unaotosha, na ulinunue wiki sita kabla ya safari. Mkoba wa kitambaa unamfaa paka wa basini, boti au ndani ya ndege kwa mashirika yanayoruhusu. Kizimba cha waya kibaki nyumbani na kwenye gari lako. Kasha la mbao ni la mbwa mkubwa kupita makasha yote ya dukani, basi.

Stika ya "IATA" isikupumbaze

Shirikisho la mashirika ya ndege duniani, IATA, lina kanuni za kusafirisha wanyama hai, na makasha ya mbwa na paka wa nyumbani yamo katika sharti linaloitwa CR1. Makasha mengi yana stika inayosema yameidhinishwa na IATA. IATA haiidhinishi kasha la kampuni yoyote. Inaandika masharti tu, na mtu wa kaunta ndiye anayekagua kasha lililo mbele yake. Stika haitakutetea kama mlango unalegea.

Kasha zuri la aina hii, mfano Sky Kennel ya Petmate ambayo wengi wameiona viwanjani, lina mlango wa nondo za chuma, matundu ya hewa pande zote nne, na ukingo mpana unaozunguka kiuno cha kasha ambapo kifuniko na kitako hukutana. Ukingo huo ndio wa kuutazama kwanza. Makasha ya bei nafuu hushikwa kwa vibanio vya plastiki vinavyobofya pembeni. Kwa kliniki vinatosha. Kwa ndege havitoshi, kwa sababu kasha likiangushwa kwa kona, na makasha huangushwa, kibanio kinaruka na kifuniko kinaachana na kitako. Masharti yanataka bolti na nati.

Kama umeshanunua lenye vibanio, angalia ukingoni: mengi yana matundu ya bolti yaliyoachwa wazi karibu na kila kibanio. Chukua bolti za milimita 6, washa (vile vipete bapa vya chuma) mbili kwa kila bolti, moja juu na moja chini, na nati. Kasha la kati litahitaji kama nane. Ukilazimika kutoboa mwenyewe kwa drili, toboa polepole juu ya kipande cha ubao, na usikaze nati kwa nguvu zako zote. Plastiki iliyokazwa kupita kiasi hupasuka kuzunguka tundu kama nyota, na ufa huo huongezeka safarini. Kaza hadi washa iache kuzunguka kwa kidole, kisha ongeza robo ya mzunguko.

Sasa mlango. Ufunge, kifuniko kikiwa kimewekwa, kisha uvute kona ya chini ya mlango kwa vidole kutoka nje. Tazama pini, zile fimbo za juu na chini zinazoingia kwenye plastiki. Kanuni inataka zipite ukingo wa mlango kwa angalau sentimita 1.6, juu na chini, upande wa bawaba na upande wa komeo. Kwenye kasha hafifu utaona plastiki inajipinda na ncha ya pini inachungulia. Mbwa aliyeingiwa na hofu husukuma mahali hapohapo kwa pua, na ana saa nane za kusukuma. Mlango wa plastiki ukatae hata kama unaonekana mnene, kwani mbwa mwenye meno mazima huutafuna.

Hewa: safari ya kimataifa inataka matundu pande nne, nyuma ikiwemo. Makasha mengi ya bei ya chini yana matundu pande tatu tu, mbele na mbavu zote mbili. Upande wa nyuma unaweza kutobolewa, nusu ya juu, kisha kila tundu lipigwe msasa hadi ukipitisha kidole usihisi makali. Tundu lisiwe kubwa kiasi cha kupitisha pua au kucha. Magurudumu yaondolewe kabla ya kaunta, au yafungwe yasizunguke. Kasha linalotembea lenyewe kwenye sakafu ya ndege ni hatari, na wahudumu wa mizigo hulikataa palepale.

Namba ya dukani si kipimo cha ndani

Hapa ndipo watu wengi huumia, na wanaumia wakiwa wamepima vizuri.

Usichague kasha kwa kilo za mbwa. Simamisha mbwa kwenye sakafu ngumu kando ya ukuta, mtu wa pili amshike kichwa kitazame mbele, uchukue tepu ya fundi cherehani. A ni kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, mkia wenyewe hauhesabiwi. B ni kutoka sakafuni hadi kiwiko cha mguu wa mbele. C ni upana wa mabega. D ni kutoka sakafuni hadi utosini, au hadi ncha ya sikio kama masikio yake husimama. Urefu wa ndani wa kasha uwe A ukijumlisha nusu ya B. Upana uwe C mara mbili. Kimo kiwe D ukiongeza unene wa tandiko. Wanyama wa pua bapa, kama pagi, buldogi, boksa na paka wa Kiajemi, huongezewa asilimia 10 kwa kila kipimo.

Chukua mbwa wa kienyeji wa kawaida: A sentimita 68, B 28, C 17, D 58. Urefu unaotakiwa ni 68 na 14, yaani 82. Upana 34. Kimo 58 na tandiko la 3, yaani 61. Dukani kuna kasha lililoandikwa inchi 32, ambayo ni sentimita 81, na mtu atasema sentimita moja si kitu. Lakini ile 81 imepimwa nje, kutoka ukingo hadi ukingo. Kuta za kasha huinama kwenda ndani kadiri zinavyoshuka, na sakafu anayosimama mbwa ni fupi kuliko namba hiyo kwa sentimita kadhaa. Mbwa huyu anahitaji la inchi 36, sentimita 91. Jamii ya German shepherd mwenye A 85 na B 36 anahitaji 103 ndani, kwa hiyo la inchi 40 halimtoshi, aende kwenye lile kubwa kabisa la inchi 48, sentimita 122. Ingia dukani na tepu yako, pima sakafu ya ndani, na kama muuzaji hataki ufungue kasha, nenda duka jingine.

Paka naye hudhulumiwa. Paka dume mzima mwenye A 46 na B 16 anahitaji 54 ndani. Vikasha vinavyouzwa kwa jina la "kasha la paka" vingi vina urefu wa chini ya 50 kwa nje. Mle anaweza kukaa akajikunja, hawezi kusimama akageuka. Kigezo cha mkaguzi ni kwamba mnyama asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amejinyoosha. Mkaguzi atamtazama mnyama, hataangalia risiti yako.

Kuhusu wawili kasha moja: kanuni inaruhusu wakubwa wawili wanaopatana, wenye umbo linalolingana, kila mmoja asizidi kilo 14, au hadi watoto watatu wa uzao mmoja wasiozidi miezi sita. Hatushauri. Paka waliolala pamoja miaka mitano nyumbani huweza kuraruana wakishtushwa na mlio wa injini, na hakuna wa kuwatenganisha huko chini. Watoto chini ya wiki nane hawasafiri kabisa.

Ukubwa wa kasha unagusa mfuko. Mnyama akienda kama mzigo wa kago, nauli hukokotolewa mara nyingi kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Kasha la 91 kwa 64 kwa 69 linatoka kilo 67, hata kama ndani yake yumo mbwa wa kilo 22. La 122 kwa 81 kwa 89 linafika kilo 146 na ushei. Ndiyo maana mtu hujaribiwa kubana. Usibane. Kasha dogo likikataliwa unalipa mara mbili. Na kabla ya kununua lile la 122, uliza safari yako inatumia ndege aina gani, kila kipande cha safari, kwa sababu kimo cha sentimita 89 hakipiti mlango wa mizigo wa kila ndege ndogo.

Mkoba, waya na mbao

Mkoba wa kitambaa ni mzuri kwa paka na mbwa mdogo wa kubebwa begani. Mashirika ya Ulaya yanayoruhusu mnyama ndani ya ndege, kama KLM na Air France, huweka ukomo wa kilo 8 mnyama na mkoba pamoja, kwa hiyo mkoba mzito unakula kilo za paka. Udhaifu wake ni zipu. Paka anajua kuingiza ukucha kwenye mwanya wa mwisho wa zipu na kuufungua. Nunua wenye kishikizo kinachofunga vichwa viwili vya zipu pamoja, na ndani kuwe na kamba fupi ya kumfunga kwa kifuani, si shingoni.

Kizimba cha waya ni kizuri kwa mazoezi nyumbani na nyuma ya gari. Hakipandi ndege, waya hupinda, miguu hupenya, na hakishiki maji wala mkojo.

Mbao ni kwa Boerboel, Great Dane na wenzao. Fundi wa Keko au wa Ngong Road analijenga vizuri ukimpa vipimo, lakini mwambie jambo moja ambalo huenda hajui: mbao nzima zikienda nje ya nchi lazima ziwe zimetibiwa kwa joto na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, la sivyo wakaguzi wa mimea huko uendako wanaweza kulizuia kasha. Plaiwudi haihitaji muhuri huo, kwa sababu imeshapitia joto na gundi kiwandani. Basi kuta, sakafu na paa ziwe za plaiwudi, na fremu iwe ya mbao zenye muhuri au ya chuma. Kwa baadhi ya aina za mbwa wenye nguvu, mashirika hutaka kasha lililoimarishwa zaidi, lile la sharti CR82. Uliza kabla fundi hajakata ubao wa kwanza.

Wiki sita za kasha

Kasha linalonunuliwa siku mbili kabla ya safari ni kasha la mateso, hata liwe zuri namna gani. Mnyama asiyelijua atapiga kelele, atajikojolea, atavunja kucha kwa kukwangua mlango. Wiki ya kwanza ondoa mlango kabisa, weka kasha sebuleni, mtupie chakula ndani na usimsukume. Wiki ya pili ale milo yake yote humo. Kisha rudisha mlango, funga dakika tano, kumi, nusu saa. Wiki ya nne alale humo usiku. Baada ya hapo libebwe na yeye akiwa ndani, kwenye gari, barabara yenye matuta. Weka kitambaa ulichokivaa bila kufuliwa, harufu yako inamtuliza kuliko neno lolote.

Dawa za kumlewesha hapana. Zinashusha shinikizo la damu, zinavuruga uwezo wa mwili kurekebisha joto, na mnyama aliyelegea hawezi kujishikilia kasha linapoinamishwa. Mashirika mengi humkataa mnyama anayeonekana amelewa.

Karatasi: tarehe ndizo zinazoua safari

Kasha zuri bila karatasi ni fanicha. Mpangilio wa tarehe ni muhimu kuliko wingi wa mihuri.

Kwa Umoja wa Ulaya, chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, inatangulia, chanjo ya kichaa cha mbwa inafuata, siku hiyohiyo au baadaye. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki, kwa sababu hakuna kinachothibitisha ni mnyama yupi aliyechanjwa. Chipu iwe ya tarakimu 15 ya kiwango cha ISO 11784 na 11785. Mnyama awe ametimiza wiki 12 siku ya chanjo. Kwa kuwa Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zilizosamehewa, kinafuata kipimo cha kingamwili: damu ichukuliwe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, ipelekwe maabara inayotambuliwa na Umoja huo, matokeo yawe angalau 0.5 IU kwa mililita. Kisha unasubiri miezi mitatu tangu siku damu ilipochukuliwa. Chanjo ikichomwa Januari 5, damu haichukuliwi kabla ya Februari 4, na mnyama haingii kabla ya Mei 4. Miezi minne. Aliyepata kazi Ujerumani ya kuanza mwezi ujao aache mbwa kwa mtu anayemwamini, amfuate baadaye.

Yanayoharibu: tarakimu moja ya chipu imeandikwa vibaya kwenye fomu ya maabara. Stika ya chupa ya chanjo yenye namba ya toleo haikubandikwa kwenye kadi. Damu ilicheleweshwa kutenganishwa, seli zikapasuka, maji yake yakafika maabara yakiwa mekundu, yakakataliwa. Na kubwa kuliko yote, chanjo ya marudio ilichelewa. Ikichelewa siku moja tu baada ya muda kuisha, kipimo cha zamani kinakufa, unaanza upya. Mwambie daktari aisome chipu kwa kifaa mbele yako kila mnapokutana, na uilinganishe tarakimu kwa tarakimu.

Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya hutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kufika, na kisainiwe au kuidhinishwa na daktari wa serikali. Muhuri wa kliniki binafsi peke yake haufiki mbali. Uingereza inafuata mwendo huohuo wa chipu, chanjo, damu na miezi mitatu, lakini mbwa anaongezewa dawa ya minyoo ya tegu yenye prazikwanteli, ipewe na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia, na saa iandikwe. Na kwa ndege, mbwa na paka wa kawaida huingia Uingereza kama kago, hawaingii pamoja na abiria.

Marekani ilibadilisha kanuni za mbwa kuanzia Agosti 1, 2024. Mbwa awe na umri wa angalau miezi 6, awe na chipu, na fomu ya CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ijazwe. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ziko kwenye orodha ya hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mbwa aliyechanjwa huku anahitaji pia cheti maalumu cha chanjo kinachothibitishwa na daktari wa serikali, nafasi iliyowekwa mapema katika kituo kilichosajiliwa na CDC, na kuingilia viwanja vichache vyenye vituo hivyo. Bila kipimo cha damu, anakaa karantini siku 28.

Tukirudi nyumbani. Tanzania Bara, vibali vya kuingiza na kutoa wanyama viko chini ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Kenya ni Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, Kabete. Kwa kuvuka Namanga, Holili au Horohoro unahitaji kibali cha kuingiza kutoka nchi unayokwenda kabla hujaondoka, na cheti cha afya kutoka nchi unayotoka. Watu hukipata cha pili wakasahau cha kwanza. Fika mpakani mchana, siku ya kazi, ili umkute daktari wa mifugo wa kituo. Kumpitisha paka kimya kimya chini ya kiti inaonekana rahisi hadi siku unayotaka kumpeleka Ulaya na kumbukumbu za kuingia kwake nchini hazipo.

Zanzibar ina wizara yake na vibali vyake, kwa hiyo usidhani kibali cha Bara kinatosha bandarini Malindi, Unguja. Sababu ni nzito. Pemba iliwahi kuondoa kichaa cha mbwa kwa kampeni za chanjo, kisha virusi vikaingizwa tena kutoka nje na kazi ikaanza upya. Mbwa mmoja asiyechanjwa kwenye jahazi anatosha.

Kasuku tuseme kwa ufupi, maana huulizwa sana: kasuku wa kijivu yumo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini kutoweka, tangu 2017, na kuvuka naye mpaka bila kibali cha CITES ni kosa la jinai, hata kama ulirithi kwa bibi.

Basi, boti na gari

Usimweke mnyama kwenye buti ya basi. Wanaofanya hivyo hawana ubaya moyoni, kondakta amewaambia ndipo mahali pa wanyama. Mle hakuna hewa inayozunguka, joto la barabara na la injini linapanda kutoka chini, na moshi unaingia. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Hewa ikiwa ya moto na yenye unyevu, kuhema hakumsaidii, na anakufa kabla ya Chalinze bila mtu kusikia. Kama basi haliruhusu kasha ndani, tafuta gari.

Kwenye gari, kasha lifungwe kwa mkanda wa kiti likiwa limepachikwa lisiteleze, mlango utazame mbele au pembeni, jua lisilipige. Simama kila saa mbili au tatu: Segera, Same, kwa Wakenya Mtito Andei. Mfunge kamba ya shingo kabla ya kufungua mlango wa kasha, si baada. Wengi wanaopotea safarini hupotelea kituo cha mafuta katika sekunde hiyo moja.

Kwenye boti, funika kasha la mbwa kwa shuka nyepesi upande wa abiria na uliweke mbali na njia. Wapo wenye udhu wanaokwenda kuswali wakifika, na mate ya mbwa kwao si jambo dogo. Ukilipanga vizuri kabla hawajauliza, safari inakuwa ya amani kwa wote, mbwa akiwemo.

Siku ya ndege

Mlo wa mwisho mwepesi saa nne hadi sita kabla ya safari, maji hadi dakika ya mwisho. Vikombe viwili vifungwe mlangoni kwa ndani, vijazike kutoka nje. Kikombe cha maji kigandishe kwenye friza usiku. Barafu haimwagiki kasha likibebwa, na inayeyuka taratibu wakati anahitaji. Sakafuni tandika pedi za mkojo au pampasi zilizofunguliwa, juu yake taulo. Nyasi kavu usiweke, nchi nyingi huzizuia. Bandika maneno ya "LIVE ANIMALS" kwa herufi zisizopungua sentimita 2.5 kimo, mishale ya kuonyesha juu, jina lako na namba ya simu ya atakayempokea mnyama. Nakala za karatasi zitie kwenye mfuko wa plastiki juu ya kasha, asili ubaki nazo mwenyewe.

Mlango ufungwe kona zote nne kwa vile vikanda vya plastiki vya kufungia waya, lakini chukua vya akiba kumi na mkasi mdogo umpe mtu wa kaunta. Usalama watakuamuru umtoe mnyama ili kasha lipite kwenye mashine, watakata vyote, na asiye na akiba hubaki anaomba kamba. Kwa Dar na Mombasa chagua ndege ya usiku au alfajiri, hasa Desemba hadi Machi. Kasha linaweza kukaa kwenye lami likisubiri kupakiwa, na wenye pua bapa ndio wa kwanza kuzidiwa.

Kasha lililotumika

Linafaa, na kwa makasha makubwa ndiyo njia ya busara, kwani wageni wanaohamia Msasani au Karen huyauza mara tu wakishafika. Libebe nje mwangani, ulibonye kila upande kwa dole gumba. Plastiki iliyokaa juani miaka hubadilika rangi na kuwa kavu. Ukibonya ikaacha mstari mweupe, hapo patapasuka. Hesabu bolti. Toa mlango, uulaze mezani, uone kama umepinda.

Kisha lisafishe, kwa kuwa virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kuharisha wa mbwa, hukaa kwenye plastiki kwa miezi. Osha kwanza kwa sabuni hadi uchafu wote utoke, maana jiki haifanyi kazi juu ya uchafu, halafu kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe ishirini vya maji, liache limelowa dakika kumi, suuza, anika hadi harufu iishe. Kama ni la paka, usitumie dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji, Dettol ikiwemo: ini la paka haliwezi kuvunja kemikali hizo, naye atajilamba miguu safari nzima.